Uhai wa Kifundo: Kupita kwa Usalama katika Orodha Unganishi ndani ya Kiini cha Linux

Utangulizi

Kiini cha mfumo endeshi wa Linux huhifadhi sehemu kubwa ya taarifa zake katika orodha unganishi. Michakato inayoendeshwa, vifaa vya mtandao, na mikondo ya utekelezaji inayosubiri tukio fulani, vyote hupangwa kwa namna hiyo. Umbo lenyewe ni sahili. Muundo uitwao list_head una vielekezi viwili tu, kimoja kikielekeza mbele na kingine nyuma, nao hupachikwa ndani ya kitu kinachoorodheshwa. Orodha ni ya duara: kifundo cha mwisho hurudi kwenye kichwa, na anayepita hujua kuwa amemaliza pale anapokutana tena na kichwa alikoanzia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika msimbo wa kupita katika orodha ya aina hii kwa mistari mitatu.

Ugumu huanza pale ambapo kichakataji kimoja kinapita katika orodha huku kingine kinaondoa kifundo humo humo. Hakuna kati ya viwili hivyo kinachojua mwenzake amefika wapi. Makala hii inafafanua jinsi wasanifu wa kiini cha Linux walivyolishughulikia tatizo hilo. Hoja inayojengwa ni kwamba swali la msingi halihusu njia ya kupita, bali linahusu uhai wa kifundo: ni kitu gani kinachohakikisha kuwa kumbukumbu ya kifundo haijapewa matumizi mengine wakati bado yupo anayekisoma? Mbinu zinazojadiliwa hapa zinatofautiana kwa jibu zinalotoa kwa swali hilo. Katika mjadala huu, msomaji ni mkondo wowote unaopita katika orodha bila kuibadili, na msasishaji ni mkondo unaoongeza au kuondoa vifundo.

Kinachotokea kifundo kinapoondolewa

Tuchukue mfano wa mgeni anayemtafuta mwenyeji wake katika mtaa usio na namba za nyumba. Katika kila nyumba anayoingia huulizia nyumba inayofuata, kisha hutoka na kwenda huko. Hana ramani ya mtaa. Anachokijua ni nyumba aliyomo na ile aliyoelekezwa. Ikiwa nyumba aliyomo itabomolewa kabla hajauliza, safari yake imekwisha. Ikiwa nyumba aliyoelekezwa imekwisha kuhamiwa na mtu mwingine asiyejua lolote kuhusu mtaa huo, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mgeni atapewa maelekezo ya uongo na atayafuata kwa imani ile ile.

Hali hizo mbili zinapatikana ndani ya kiini. Funksheni ya list_del huunganisha majirani wawili wa kifundo kinachoondolewa, kisha huandika ndani ya kifundo hicho anwani mbili zisizoweza kutumika, ambazo watunzi wa kiini waliziita sumu: 0x100 mahali pa kielekezi cha mbele na 0x122 mahali pa kielekezi cha nyuma, zikijumlishwa na kiasi kinachotegemea usanifu wa mashine. Msomaji aliyekuwa amesimama juu ya kifundo hicho akijaribu kusonga mbele, atagusa anwani hiyo na mfumo utaanguka papo hapo. Kuanguka huko kuna manufaa, kwani kunaacha ushahidi wa wazi wa mahali kosa lilipotendeka. Hatari kubwa iko katika hali ya pili, pale ambapo kumbukumbu ya kifundo imeachiliwa na kugawiwa kwa shughuli nyingine. Hapo msomaji husoma baiti zisizohusiana na orodha, akazichukulia kuwa ni kielekezi, na hakuna kengele inayolia.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika hitilafu iliyopewa namba CVE-2019-2215. Hitilafu hiyo ilikuwa katika Binder, kiendeshi ambacho programu za Android hukitumia kuwasiliana. Kila mkondo unaotumia Binder una muundo wake ndani ya kiini, na ndani ya muundo huo kuna foleni ya kusubiri, ambayo ni orodha unganishi. Sehemu nyingine ya kiini, epoll, inayofuatilia matukio kwa niaba ya programu, iliingiza kifundo chake katika foleni hiyo. Programu ilipoomba mkondo wa Binder ufungwe, muundo wote uliachiliwa pamoja na kichwa cha foleni, ilhali kifundo cha epoll kilikuwa bado kimeunganishwa nacho. Baadaye, epoll ilipojiondoa, iliandika vielekezi katika kumbukumbu ambayo haikuwa tena foleni. Mshambulizi aliyejua kupanga kitu gani kikae katika kumbukumbu hiyo aliweza kupata mamlaka juu ya kiini chote.

Ni kweli kwamba huo ni mfano wa kuondoa kifundo zaidi kuliko wa kupita, lakini mzizi ni ule ule. Chombo cha majaribio kiitwacho syzbot kilikuwa kimeibaini hitilafu hiyo mwaka 2017, na marekebisho yaliingia katika kiini kikuu mapema mwaka 2018, ila hayakuzifikia simu nyingi zilizokuwa tayari mikononi mwa watu. Mwezi Oktoba 2019 kikundi cha Project Zero cha Google kilitangaza kuwa kulikuwa na dalili za hitilafu hiyo kutumika dhidi ya watu. Miongoni mwa simu zilizotajwa ni Pixel 2, Huawei P20, na Samsung S7, S8 na S9. Kwa kuwa simujanja nyingi zinazotumika Tanzania na Kenya huendeshwa na Android, uhai wa kifundo kimoja cha orodha ni suala linalogusa ujumbe, picha na fedha za watu wasiowahi kulisikia jina la Binder.

Neno "salama" na mipaka yake

Kiini cha Linux kina makro kadhaa za kupita katika orodha. Ya kawaida ni list_for_each_entry. Pembeni yake ipo list_for_each_entry_safe, ambayo neno lake la mwisho lina maana ya "salama". Jina hilo limewapotosha wengi. Msomaji wa msimbo anayelikuta kwa mara ya kwanza hudhani kuwa makro hiyo inamkinga dhidi ya vichakataji vingine. Haimkingi hata kidogo.

Tofauti ya makro hizo mbili ni ndogo. Ya kawaida husoma kielekezi cha mbele baada ya mwili wa kitanzi kumalizika. Ile inayoitwa salama hukisoma kabla ya mwili kuanza na kukiweka kando. Kwa hiyo, mwili wa kitanzi ukikiondoa na kukiachilia kifundo cha sasa, makro bado inayo anwani ya kifundo kinachofuata. Usalama wake unaishia hapo: anayepita anaruhusiwa kukibomoa kifundo anachosimama juu yake, kwa mkono wake mwenyewe. Makro hiyo haizungumzii kabisa kifundo kinachofuata kuondolewa na mwingine.

Mtego huonekana zaidi pale mtunzi wa msimbo anapolazimika kuachia kufuli katikati ya kitanzi. Sababu ya kufanya hivyo ni ya kawaida: kazi ya ndani ya kitanzi inahitaji kulala, kwa mfano kungoja diski, na kufuli aliloshika haliruhusu kulala. Basi anafungua kufuli, anafanya kazi, anafunga tena, kisha anaendelea. Katika kipindi hicho kifupi, mkondo mwingine unaweza kukiondoa na kukiachilia kifundo kile ambacho anwani yake imewekwa kando. Kufuli linaporudishwa, anwani iliyohifadhiwa imekwisha kupitwa na wakati, na mzunguko unaofuata wa kitanzi unaingia katika kumbukumbu isiyo ya orodha.

Hapa pana kinaya kinachostahili kutazamwa kwa makini. Ikiwa kifundo cha sasa kimezuiwa kisiachiliwe, na ikiwa kuna hakika kwamba hakitaondolewa katika orodha wakati kufuli liko wazi, basi makro ya kawaida itafanya kazi sawasawa, kwa sababu itasoma kielekezi cha mbele baada ya kufuli kurudishwa na hivyo itapata jirani wa wakati huo. Makro yenye jina la usalama itashindwa katika mazingira hayo hayo, kwa kuwa ilikisoma kielekezi mapema mno. Kubadilisha makro moja kwa nyingine ili "kuongeza usalama", bila kuuliza nani anaondoa nini, kunaweza kuleta hitilafu mahali ambapo haikuwapo.

Wahandisi wazoefu hutumia njia mbili kuukwepa mtego huo. Ya kwanza ni kuachana na dhana ya kupita: maadamu orodha si tupu, chukua kifundo cha kwanza, kiondoe, fungua kufuli, kishughulikie, funga kufuli, rudi mwanzo. Hakuna anwani inayobebwa kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Ya pili ni kuhamisha orodha yote kwa mara moja hadi kwenye kichwa cha faragha kwa kutumia list_splice_init huku kufuli limeshikwa, kisha kuishughulikia polepole. Njia ya pili ina sharti linalosahaulika kwa urahisi: isiwepo njia nyingine ya kukifikia kifundo na kukiondoa. Kifundo kinachoweza kufikiwa pia kupitia jedwali jingine bado hakijawa cha faragha, hata kama kimehamishwa.

Yafaa kutaja pia udhaifu wa makro hizi usiohusu usambamba. Kitanzi kikifika mwisho bila kukatizwa, kigezo cha kupitia hubaki kikielekeza mahali palipokokotolewa kutokana na kichwa cha orodha, ambapo hakuna kitu halisi. Msimbo unaokitumia kigezo hicho baada ya kitanzi husoma takataka. Mjadala kuhusu udhaifu huo ndio uliochangia kiini kuhama, katika toleo la 5.18 la mwaka 2022, kutoka kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 hadi kile cha mwaka 2011, ambacho kinaruhusu kigezo kutangazwa ndani ya kitanzi chenyewe na kufa pamoja nacho.

Jibu la kufuli na jibu la hesabu

Jibu la zamani zaidi kwa swali la uhai ni kufuli: kifundo hakiwezi kuachiliwa kwa sababu anayetaka kukiachilia hana ruhusa ya kuingia. Linux ilipoanza kutumia vichakataji vingi katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, ilikuwa na kufuli moja kubwa lililokinga karibu kiini chote. Kazi ya kulivunja vipande iliendelea hadi mwaka 2011, lilipoondolewa kabisa katika toleo la 2.6.39. Makufuli madogo yaliyochukua nafasi yake yana masharti yake. Anayeshika kufuli la kuzunguka, ambalo anayelisubiri huzunguka akijaribu tena na tena, haruhusiwi kulala. Vilevile, ikiwa orodha inaguswa na msimbo wa ukatizaji, ni lazima ukatizaji uzuiwe katika kichakataji husika kabla ya kufunga. Vinginevyo ukatizaji unaweza kuingia katikati na kulingoja kufuli ambalo mwenyewe amesimamishwa nao.

Makufuli yanayowaruhusu wasomaji wengi kwa pamoja yalionekana kuwa suluhisho la orodha zinazosomwa sana na kubadilishwa mara chache. Hata hivyo, kila msomaji bado hulazimika kuandika ndani ya kufuli ili kuonesha kuwa ameingia. Kuandika huko hulazimisha kipande kimoja cha kache kuhama kutoka kichakataji hadi kichakataji. Katika mashine yenye vichakataji vingi, wasomaji ambao hawagombani juu ya orodha yenyewe hujikuta wakigombania kufuli.

Jibu la pili ni hesabu ya marejeo: anayekihitaji kifundo huongeza hesabu yake, na kifundo huachiliwa hesabu inapofika sifuri. Njia hii hulinda uhai wa kifundo, lakini hailindi nafasi yake katika orodha. Kifundo chenye hesabu kinaweza kuwa kimekwisha kuondolewa kwa list_del, na kielekezi chake cha mbele kimejaa sumu. Kwa sababu hiyo aina ya orodha iitwayo klist, inayotumika katika sehemu ya kiini inayosimamia vifaa, huchelewesha kukitoa kifundo katika orodha hadi msomaji wa mwisho aliyesimama juu yake asogee.

Jibu la muhula

Jibu la tatu ndilo lililobadilisha sura ya kiini cha Linux. Linajulikana kwa herufi RCU, yaani soma, nakili, sasisha. Paul McKenney na Jack Slingwine walilianzisha katika miaka ya 1990 walipokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Sequent, kwa ajili ya mfumo endeshi wa DYNIX/ptx, na walilieleza katika makala ya mwaka 1998. Liliingia katika Linux mwezi Oktoba 2002, katika toleo la 2.5.43.

Wazo lake ni kwamba kuondoa kifundo katika orodha na kuachilia kumbukumbu yake ni matendo mawili, na kwamba kati ya hayo mawili uwekwe muhula. Katika Kiswahili cha wafanyabiashara, mdaiwa aliyepewa muhula ameachwa amalize alilo nalo kabla ya kudaiwa. Msasishaji wa RCU humpa msomaji nafasi ya namna hiyo. Hukitoa kifundo katika orodha kwa list_del_rcu, ambayo tofauti na list_del hukiacha kielekezi cha mbele kama kilivyokuwa na kutia sumu kile cha nyuma peke yake. Msomaji aliyekuwa juu ya kifundo hicho huendelea mbele na kurudi katika orodha bila kujua kuwa lolote limetokea. Wasomaji wapya hawawezi tena kukifikia. Kinachobaki ni kungoja wale wa zamani wapite, ndipo kumbukumbu iachiliwe.

Namna ya kujua kuwa wamepita ndiyo sehemu ya ustadi. Msomaji hukizungushia kipindi chake cha kusoma rcu_read_lock na rcu_read_unlock, na ndani ya kipindi hicho haruhusiwi kulala. Katika kiini ambacho mikondo yake hainyang'anywi kichakataji, matamko hayo mawili hayazalishi amri yoyote ya mashine. Huizuia kompaila tu isihamishe amri kuvuka mpaka. Hakuna kinachoandikwa, wala kache haihami. Kwa kuwa msomaji hawezi kulala, kichakataji kilichobadilisha mkondo wake ni lazima kiwe kimemaliza vipindi vyote vya kusoma vilivyokuwamo. Vichakataji vyote vikiisha kubadilisha mkondo angalau mara moja tangu kifundo kilipoondolewa, muhula umekwisha. Katika kiini ambacho mikondo inaweza kunyang'anywa kichakataji, uthibitisho huo hautoshi, hivyo kila mkondo huwekewa hesabu yake ya vipindi vya kusoma. Msasishaji anayeweza kulala huungoja muhula kwa synchronize_rcu. Asiyeweza huacha agizo kwa call_rcu ili uachiliaji ufanyike baadaye.

Marekebisho ya Binder yaliyotajwa hapo juu yanaonesha thamani ya muhula huo. Rekebisho la kwanza liliifanya Binder iwaarifu waliomo katika foleni kuwa inakaribia kutoweka, ili wajiondoe. Rekebisho lililofuata liliongeza wito wa synchronize_rcu, kwa sababu epoll ingeweza kuwa bado inaigusa foleni ndani ya kipindi cha kusoma wakati taarifa hiyo inatolewa. Taarifa bila muhula isingetosha.

Kuongeza kifundo nako kuna utaratibu wake. Msasishaji hujaza kwanza sehemu zote za kifundo kipya, ndipo hukitangaza kwa kuandika kielekezi cha jirani. Mpangilio huo sharti ulindwe dhidi ya kompaila na dhidi ya kichakataji, kwani vyote viwili hupenda kupanga upya amri ili kuharakisha kazi. Upande wa msomaji, vichakataji vingi huheshimu utegemezi kati ya kielekezi na kile kinachosomwa kupitia kwake. Alpha ya kampuni ya DEC ilikuwa mashuhuri kwa kutofanya hivyo: msomaji aliweza kukiona kielekezi kipya na bado akasoma yaliyomo ya zamani. Ulinzi dhidi ya tabia hiyo ulibaki katika msimbo wa kiini kwa miaka mingi, kwa ajili ya mashine ambazo wahandisi wengi hawajawahi kuziona.

Bei ya RCU hulipwa na msasishaji. Muhula unaweza kuchukua milisekunde kadhaa, na kumbukumbu inayongoja kuachiliwa hurundikana iwapo mabadiliko ni mengi. Wasasishaji wawili bado wanahitaji kufuli kati yao. Msomaji naye hukubali kuona picha iliyochelewa kidogo, jambo linalovumilika katika orodha ya michakato au ya njia za mtandao, lakini lisilovumilika pale ambapo ruhusa iliyofutwa inapaswa kukoma mara moja. Aidha, msomaji hawezi kurudi nyuma, kwa kuwa kielekezi cha nyuma kinaweza kuwa na sumu.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wanaoanza: hakuna list_empty_rcu. Maelezo ndani ya msimbo wa kiini yanatoa sababu. Msomaji anayeuliza kwanza kama orodha ni tupu, kisha akachukua kifundo cha kwanza, amekisoma kielekezi kimoja mara mbili, na kati ya usomaji huo orodha inaweza kuwa imekwisha kumalizwa. Atakachokipata kitakuwa kichwa cha orodha kilichovikwa sura ya kifundo. Anapaswa kukisoma kielekezi mara moja tu na kuamua kwa thamani hiyo hiyo.

Mwisho ni suala la kuhamisha kifundo kutoka orodha moja hadi nyingine bila kungoja muhula. Msomaji aliyesimama juu yake huhama nacho, na kwa kuwa anatafuta kichwa alikoanzia, katika orodha ngeni hatakikuta kamwe na atazunguka bila kikomo. Majedwali ya miunganisho ya mtandao hukabiliwa na hali hiyo mara kwa mara, kwa sababu vifundo vyake hutumiwa upya haraka bila kungoja. Huko hutumika aina ya orodha iitwayo hlist_nulls, isiyo ya duara, ambayo mwisho wake una namba ya orodha badala ya kielekezi kitupu. Msomaji anayefika mwisho na kukuta namba isiyo ya orodha aliyoanzia hurudi mwanzo na kutafuta upya. Na hata akikipata kifundo alichokitaka, huongeza kwanza hesabu yake, iwapo haijafika sifuri, kisha hulinganisha tena utambulisho wake, kwa sababu kati ya kukiona na kukishika kinaweza kuwa kimekwisha kuwa cha muunganisho mwingine.